Injini Nyuma, Injini Katikati na Dumu la Rubisi

Vijana, jana niliwasikia. Mlikuwa pale kwenye kibanda cha chipsi Nyakahura mkisubiri simu za mawakala, na kwa kuwa simu hazikulia, mkaanza kubishana kuhusu magari ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuyakalia. Mmoja akasema gari la spoti lazima injini yake ikae katikati. Mwingine akasema nyuma, na kwamba anayesema katikati amelelewa na video za simu. Kiwanda mlichokuwa mnakisema ni kimoja, kinatengeneza yote mawili, nembo ni ile ile, lakini mlikuwa karibu kushikana mashati.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yenu nakunywa soda. Hamkuniamkia. Sikukasirika sana, nilikasirika kiasi.

Nimeendesha yote mawili. Si kwa kupenda. Kazi yangu ilikuwa kupeleka magari ya IT, haya haya mnayopeleka nyinyi, yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kupita tu nchini kwenda kwa wenyewe Rwanda na Burundi. Nimefanya kazi hiyo mpaka mgongo ukakataa. Nimepeleka magari ya wagonjwa, magari ya maiti, na safari moja gari la kuuzia aiskrimu ambalo muziki wake haukuzimika kuanzia Dodoma. Kwa hiyo nisikilizeni, kisha mwendelee kubishana.

Gari la injini nyuma, injini yake imekaa nyuma kabisa, imepita hata matairi ya nyuma. Ukifungua boneti ya mbele unakuta buti, shimo refu la kuwekea mzigo. Gari la injini katikati, injini yake iko mgongoni mwako, kati ya kiti na matairi ya nyuma, na imefichwa. Ukifungua mbele kuna buti. Ukifungua nyuma kuna buti. Mtu asiyejua anaweza kulizunguka gari hilo nusu siku na asione kinacholisukuma. Hayo yakumbukeni, maana yalitaka kumkosesha mtu mke.

Mtu huyo ni Silivesta. Silivesta alikuwa mtoto wa kijiji cha Nemba, mwenzangu wa barabarani kwa miaka mingi, mrefu kupita magari mengi aliyopewa kuendesha. Alikuwa amempenda Adela, fundi cherehani wa Kibimba, kule Ngara. Adela naye alikuwa amempenda. Tatizo lilikuwa baba yake Adela, Mzee Gervazi. Tulikwenda kubisha hodi mara ya kwanza, mimi nikiwa mshenga, na mzee akatusikiliza mpaka mwisho, akatushukuru kwa kuja, akasema hapana. Alisema dereva wa IT hana chake. Leo yuko ndani ya gari ambalo hata mkuu wa mkoa hana, kesho yuko kando ya barabara na begi anaomba lifti. Nilishindwa kumjibu kwa sababu siku hiyo tulikuwa tumefika kwake kwa lifti.

Baada ya maombi mengi ya mama yake Adela, na nadhani baada ya Adela kuacha kuzungumza na baba yake, tulipewa siku nyingine. Mzee alituma ujumbe mfupi: njooni na rubisi kama watu wazima, saa tisa alasiri, na hii ndiyo mara ya mwisho. Nyinyi wa mjini mnaweza kudhani rubisi ni pombe ya ndizi tu. Ukweni Ngara rubisi ndiyo inayoongea kwanza. Wazee wakishaivuta kwa mrija ndipo mdomo wa mshenga unafunguliwa. Ikiwa mbaya, unarudi na maneno yako kama ulivyokuja nayo.

Sasa, wakala naye akachagua wiki hiyo hiyo kutupa magari mawili ya kwenda Rusumo, mpakani na Rwanda. Yote ya kiwanda kimoja. Langu la kijivu, injini nyuma. La Silivesta jekundu, injini katikati, na kapeti lake la buti lilikuwa na rangi ya maziwa. Tukapanga hivi: tukabidhi magari Rusumo mchana, tupande bodaboda mpaka Kibimba, na ndugu zake wa Nemba watangulie na hiace. Ulikuwa mpango mzuri na sijui kwa nini mipango yangu mizuri huwa inahusisha pombe.

Tangu Morogoro tulikuwa tunabishana kama nyinyi. Kila tukisimama kula, Silivesta ananiambia, "Kaka, gari lako limetengenezwa na mtu aliyesahau injini, akaja kuipachika nyuma mwishoni." Namjibu kwamba la kwake limetengenezwa na mtu aliyeiba injini akaificha. Tukifika kwenye matuta, wote tunanyamaza. Gari la spoti halipandi tuta likiwa limenyooka. Unalipeleka upande, tairi moja kwanza, polepole, na wanafunzi wanaokutazama kando ya barabara wanakupita kwa miguu.

Nyakahura tulimkuta mama yake Silivesta ametusubiri na madumu mawili makubwa ya rubisi aliyoikamua na kuichachusha mwenyewe. Alikuwa ameyaziba midomo kwa majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa, kama inavyozibwa siku zote. Akamwambia mwanawe, "Iache ipumue." Silivesta akaitikia, "Sawa, mama." Mama alipopanda hiace na kuondoka, Silivesta akalitazama lile kapeti la rangi ya maziwa, akayachomoa majani, akanunua vizibo vya plastiki dukani, akavikaza kwenye madumu yote mawili kwa nguvu za mkono wake wote.

"Nikimwaga tone moja humu," akasema, "sina kazi."

Ilikuwa kweli, na mimi nilikubaliana naye. Dumu moja likaingia kwenye buti langu, mbele, maana mimi sina buti jingine. La pili Silivesta akaliweka kwenye buti lake la nyuma. Nilimwambia na yeye aweke mbele. Akanitazama kwa huruma. "Mzigo hukaa nyuma, kaka. Hili ndilo gari la mtu mwenye akili."

Hapo niseme habari za Mzee Rajabu, nisije nikasahau. Mzee Rajabu wa Biharamulo mjini, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha barabara. Hakuwahi kuliona gari la spoti la injini nyuma maisha yake yote. Alinifundisha kwa pikapu tupu wakati wa mvua, ile inayochezacheza makalio kwenye udongo mwekundu mpaka uitupie mifuko ya mchanga. Alikuwa akisema kabla hujaniuliza gari lina nguvu kiasi gani, niulize uzito wake uko wapi. Halafu ananionyesha vijana wa Ngara wanaoteremka na baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi nyuma. Ukishtuka ukabana breki katikati ya kona, ndizi zinataka kutangulia. Ukipunguza mwendo kabla ya kona na kuingia ukiwa umetulia, ndizi zinakufuata bila maneno.

Gari la injini nyuma ni ile baiskeli, ila ni ya bei mbaya. Punguza mwendo kabla. Ukishaingia kwenye kona, usiachie mafuta ghafla, mguu ubaki mwepesi juu ya pedali mpaka utoke. Ukiogopa ukanyanyua mguu, nyuma inakuja mbele kukusalimia. La injini katikati ni tulivu zaidi, linakata kona kama limeshikwa mkono, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu siku likikuacha halikuagi kwanza. Asubuhi ile mbele ya Nyakahura kulikuwa na manyunyu, na katika mteremko wa msituni nililisikia gari langu likianza kuwaza mambo ya baiskeli. Nikamkumbuka Mzee Rajabu, nikaacha mguu pale pale, likatulia. Dumu lile zito lililokuwa mbele nalo lilikuwa limekandamiza pua barabarani. Nathubutu kusema rubisi ilisaidia.

Manyunyu yakaisha, jua likatoka, tukafika kwenye kizuizi. Jina la mahali nimelisahau kwa makusudi. Mkaguzi alikuwa kijana msafi, viatu vinang'aa, na alitaka kuhakikisha injini za magari yote mawili. Akaanza na jekundu. Akafungua mbele, akakuta buti. Akafungua nyuma, akakuta buti lenye dumu. Akafunga, akafungua tena.

"Injini iko wapi?"

"Katikati, afande," Silivesta akasema.

"Katikati ya nini?"

"Ya gari."

"Katikati ya gari kuna viti."

"Nyuma ya viti, afande. Kabla ya buti."

"Hapo hapana nafasi."

"Ndipo ilipo."

Silivesta akainama kwenye buti, akamwonyesha kifuniko cha kujazia oili na kifuniko cha maji, ambavyo viko humo humo. Mkaguzi akavitazama vizuri. "Vifuniko nimeviona," akasema. "Mimi nataka injini." Kisha akanyoosha kidole kwenye dumu. "Mmeuza injini njiani, mkaweka pombe."

Nikauliza kwa heshima, ikiwa injini imeuzwa, gari limefikaje hapa.

"Mteremko," akasema.

Dar es Salaam iko baharini na sisi tulikuwa juu milimani. Sikuona haja ya kumkumbusha.

Akaja kwangu. Akafungua nyuma, akaikuta injini imekaa hadharani na feni yake. Akafurahi mpaka nikaona aibu. "Hili ni la mtu mwaminifu," akasema. Akaniuliza kama yote ni ya kiwanda kimoja. Nikamwambia ni kimoja. "Basi kwa nini hili wameonyesha na lile wameficha?"

Akaamuru jekundu liwashwe na liachwe linaunguruma wakati yeye anampigia mkubwa wake simu. Likaunguruma. Wauza mahindi wakasogea. Mama mmoja akatega sikio kwenye mlango, akawaambia wenzake, "Wanaikalia hao." Jua lilikuwa kali, gari limesimama, injini imefungiwa mle ndani bila upepo, na buti la nyuma limefungwa. Mkubwa alichelewa kupokea simu, kisha alichelewa kuelewa swali. Mkaguzi alipolifungua buti tena, akaweka kiganja sakafuni, akakitoa haraka.

"Kuna moto humu chini."

"Ndiyo injini hiyo, afande," Silivesta akasema, amefurahi kupita kiasi.

Kijana akagusa na dumu. "Na hii pombe yenu itachemka."

Tukacheka. Alikuwa amekosea kuhusu injini, kwa hiyo tukachukulia amekosea kuhusu kila kitu. Alitufungulia njia, akatutakia safari njema, na alikuwa mtu pekee siku ile aliyeona kinachokuja.

Rusumo tulikabidhi magari. Mpokeaji alipitisha tochi na kidole kila mahali, hakukuta mkwaruzo wala tone. Silivesta akatabasamu kama bwana harusi. Ndipo akaenda kutoa madumu. Langu lilitoka baridi, kwa sababu buti la mbele linapigwa upepo njia nzima. La kwake lilitoka mviringo. Kitako kilikuwa kimevimba, likawekwa chini halikai, linayumba. Nikamwambia alegeze kizibo. Akagusa, kikalia kidogo, akakirudisha haraka. Tulikuwa mbele ya ofisi na mpokeaji yuko pale, na saa ilikuwa inakimbia. "Tutalegeza Kibimba," akasema. Tukalifunga kwenye bodaboda kwa mpira. Barabara ya kwenda kule mnaijua. Kila shimo lilikuwa linaitikisa ile pombe kama chupa ya dawa.

Tulifika wazee wameshakaa. Hapakuwa na nafasi ya kulegeza chochote. Shikamoo zikazunguka, marahaba zikarudi, madumu yakapokelewa na kuwekwa mbele ya Mzee Gervazi. Alikuwa amevaa koti jeusi la kanisani lililopigwa pasi. Silivesta alikaa nyuma yangu kimya, kwa sababu pale muoaji hasemi, mshenga ndiye mdomo wake. Nikajikohoza, nikasema kwa upole, "Mzee wangu, tungeomba tuanze na hili la kushoto."

Mzee akayatazama yote mawili. "Hili la kulia limejaa zaidi," akasema. "Anayeleta kilichojaa ndiye mwenye nia."

Akakishika kizibo mwenyewe.

Sitaeleza mlio. Kizibo tulikikuta jioni juu ya paa la jiko. Povu lilipanda likampiga mzee kifuani, likaingia kwenye koti, likamfunika kichwa, likaendelea kutoka kwa muda ambao sikuutegemea kwa dumu la ukubwa ule. Kisha likanyamaza. Hakuna aliyecheka. Mbuzi mmoja alikuja akaanza kulamba miguu ya mzee, na hakuna aliyemfukuza.

Niliogopa, vijana. Nasema wazi. Nimewahi kupoteza breki mteremkoni na sikuogopa hivyo. Nikageuka nikamwona Silivesta uso umekuwa wa mtu aliyefiwa.

Mzee Gervazi alijipangusa macho kwa kiganja. "Mshenga," akasema, "nieleze."

Nikaeleza. Ningefanya nini? Nilichora mchangani kwa mrija, magari mawili, injini nyuma na injini katikati, buti hapa na buti pale, na joto linakotoka. Nikaeleza jani la mgomba na kizibo cha plastiki. Nikaeleza kizuizi. Wazee wa Kibimba walisogeza viti wakasikiliza. Mmoja aliuliza oili inatiwa wapi. Nikamwonyesha.

Mzee aliusikiliza mchoro wote huku rubisi ikimdondoka kidevuni. Halafu akaacha kuniangalia mimi, akamwangalia Silivesta, jambo lisilo la desturi.

"Kapeti la mtu lilichafuka?"

Nikajibu mimi. "Hapana, mzee."

"Gari la mtu lilikwaruzika?"

"Hapana, mzee."

"Kwa hiyo cha watu kimefika salama, na chake mwenyewe kimelipuka."

"Ndiyo, mzee."

Nilisikia pazia la mlango wa ndani likisogea, na nilijua ni Adela.

"Binti yangu akitoka hapa hatakuwa wa mtu mwingine, atakuwa wake," mzee akasema. "Nataka kujua jambo moja. Atamtunza kama lile gari, au kama hili dumu?"

Kama kuna swali gumu kuliko hilo mimi sijawahi kuulizwa. Nikasema, "Kama gari, mzee wangu." Ilikuwa kazi yangu kusema hivyo. Sauti yangu mwenyewe haikuniridhisha.

Silivesta aliinuka. Alipiga magoti mbele ya dumu lililobaki, akashika kizibo, akakilegeza kidogo sana, akasubiri lipumue, akalegeza tena, akasubiri. Ilichukua muda mrefu. Uwanja wote ulikuwa unasikiliza ule mlio mdogo wa hewa. Alipomaliza akachukua mrija, akautumbukiza, akamgeuzia mzee kwa mikono miwili.

Mzee akavuta. Akafumba macho, akavuta tena. "Hili lilikaa wapi?" akaniuliza.

"Mbele, mzee. Penye upepo."

Kutoka nyuma ya pazia tukasikia sauti ya Adela, "Basi mimi nitakaa mbele." Mama yake akaanza kucheka, na baada ya hapo hata mzee hakuweza kujizuia. Koti lake lilifuliwa mara nyingi. Najua kwa sababu kila nilipokwenda Kibimba alinionyesha lilivyo.

Waliishi Nemba. Silivesta aliendelea na IT, na mimi pia. Watoto wakaja. Halafu Adela akapatwa na ugonjwa wa figo, wa kwenda hospitali mara kwa mara, wa kutochelewa. Siku moja wakati huo, wakala alikuwa amempa Silivesta gari zuri kuliko yote tuliyowahi kuyaona, la kiwanda kile kile, jipya, injini katikati. Nilikuwepo. Alilizunguka, akapitisha mkono juu ya bodi, akamrudishia wakala ufunguo, akasema asipigiwe simu tena. Wenzetu walimcheka. Mtu wa umri ule, kazi nzuri, anakwenda kulima maharage na kushinda wodini. Hata mimi nilimwona amekosea, na nilikwenda mpaka Nemba kumwambia.

Nilimkuta nje, amemkalisha Adela kwenye kiti chenye mto, upande wa upepo. Nikasema yote niliyotumwa na hasira yangu kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyotusikiliza baba mkwe wake.

"Kaka," akasema, "unakumbuka swali la Kibimba?"

Nikamwambia nakumbuka, na kwamba nililijibu.

"Wewe ulilijibu," akasema. "Mimi bado nilikuwa nadaiwa jibu."